Daktari wa Mashuka

“Basi kama ni muuaji, usimwite kwenye foleni ya maji,” Mama Mapacha alikuwa anasema, ndoo yake imejaa na inammwagikia miguuni bila habari. “Nenda kagonge mlango wake, umwite usoni.”

Kinyozi alisema hajatamka neno muuaji. Alichosema yeye ni kwamba kuna mtu katika nyumba hii alimwambia mgonjwa wa moyo atafune vidonge vya kiungulia, mgonjwa akatafuna, mgonjwa akazikwa. Sasa mtu huyo aitwe nani, kila mmoja achague jina litakalomkaa mdomoni. Na ndoo aitoe, wengine nao wanataka maji.

Ndoo haikutoka. Mama Mapacha alimkumbusha mwaka ule alipoharisha siku mbili mpaka macho yakazama na suruali ikawa haishiki kiunoni. Nani alichemsha maji, akayapoza, akakoroga sukari na chumvi kwa vipimo, akamnywesha kijiko kwa kijiko kama kifaranga? Na siku ya pili alipoona hakojoi, nani alimkokota mpaka hospitali? Kinyozi akasema hilo hakatai, lakini tumbo ni tumbo na moyo ni moyo. Mama Mapacha akamwambia ashukuru kwamba yeye kazi yake ni kukata nywele tu, maana kwa ujuzi huo angekata na masikio. Waliokuwa nyuma kwenye foleni wakacheka, kisha wakakumbuka kwamba mlango wa tatu una msiba, wakafunga midomo.

Mwenye kusemwa alikuwa ndani ya chumba chake, hatua sita kutoka bombani, pazia limeshushwa. Alikuwa ameketi kitandani na sare yake ya kazi mapajani, anaikunja, anaikunjua, anaikunja tena. Madirisha ya nyumba ile hayajapata kuzuia neno. Alisikia yote, na lililomchoma zaidi si la Kinyozi. Lilikuwa la Mama Mapacha, mtetezi wake, aliyemalizia kwa kusema kwamba hata yeye ana lake moyoni. Jana alimpelekea wale pacha wake, kamasi zinawachuruzika, akitaka kuambiwa tu kama ni mafua au ni zaidi, na yule mama akasema nenda hospitali, akafunga mlango. Akaenda. Akakaa benchi tangu asubuhi mpaka saa nane, akaambiwa ni mafua, wanywe maji mengi, wasafishwe pua, wapumzike, watapona kabla ya wiki mbili kwisha. Wakianza kuhema kwa shida au homa ikigoma kushuka, ndipo arudi.

“Mambo yaleyale aliyokuwa ananiambia yeye huku anamenya viazi,” alisema. “Siku hizi hata kwikwi anakupeleka hospitali.”

Walimwita Daktari. Hakuwa daktari, wala hakuna aliyewahi kudhani ndiye. Alikuwa dobi wa hospitali, miaka ishirini na miwili katika jengo la nyuma lenye mvuke, anapokea mashuka machafu kwenye matoroli ya chuma na kuyarudisha meupe, yamekunjwa pembe kwa pembe. Lakini alikuwa na masikio, na wauguzi wakija kuchukua mashuka walipenda kukaa dakika mbili kwenye joto na kusimulia. Naye akiuliza haachi. Kwa nini huyu amevimba miguu, kwa nini yule hapewi chumvi, kwa nini mashuka ya wodi fulani huja yameloa jasho kuliko ya wodi nyingine. Alichoambiwa hakikupotea. Jioni alirudi nacho nyumbani kama wengine wanavyorudi na mboga.

Na jioni ndipo kibaraza chake kilipojaa. Nyumba nzima, vyumba sita na ua mmoja, ilikuwa inaugulia pale. Mwenye kichwa kinachogonga aliulizwa kwanza amekunywa maji mara ngapi tangu asubuhi, na macho yake yalipimwa lini. Mwenye mgongo aliambiwa aonyeshe anavyoinua ndoo, watu wakamcheka, kisha akafundishwa kukunja magoti. Mwenye kikohozi cha siku nne alipewa maji ya moto na asali. Mwenye kikohozi cha wiki tatu alifukuzwa kibarazani akapimwe kifua, na kesho yake akaulizwa majibu mbele za watu. Aliyefunga choo, aliyevimba fizi, aliyewashwa na mba, wote walikuja na wote walisemwa kwa sauti ya juu, maana siri ya ugonjwa pale haikuwepo. Palikuwa na chai, palikuwa na umbea, na mara nyingi mtu aliyekuja na maumivu yake aliondoka na habari za ndoa ya mwenzake, maumivu akayasahau palepale mkekani.

Nusu ya utani wa kibaraza kile ulikuwa wa Fundi. Huyu alikuwa fundi cherehani wa mlango wa tatu, mke wa Seremala, mwanamke mnene kidogo, mcheshi, pini zimepangana midomoni mpaka ukashangaa maneno yanapitia wapi. Yeye ndiye aliyembandika rafiki yake jina la Daktari, na akitaka kumchokoza alilimalizia: Daktari wa Mashuka. Miaka kumi na tisa wanawake hao wawili walikuwa wamegawana ukuta mmoja. Wakigombana walipigiana ukuta kwa ngumi. Wakipatana, vilevile.

Miezi ile ya mwisho Fundi alikuwa na hiki na kile. Bega la kushoto lilimvuta mpaka mkononi. Daktari akaja akasimama nyuma yake, akatazama anavyoshona, akaona mkono wa kushoto ndio unaosukuma kitambaa kutwa nzima. Bega la kazi, akasema. Inua kiti, pumzika kila saa, kanda kwa maji ya moto. Kisha taya likauma. Taya la mtu anayeng’ata pini kumi na mbili tangu asubuhi litaacha kuuma? Akamshonea kimto cha kuchomekea pini, kibaya sana, na Fundi akakitundika ukutani ili wateja waone kazi ya dobi. Akawa anachoka upesi, anahema akipanda ngazi za sokoni. Hilo nalo lilikuwa vumbi la vitambaa na usingizi mchache, kwani shule zilikuwa karibu kufunguliwa na sare zimelundikana mpaka dirishani. Mwisho kikaja kiungulia, moto katikati ya kifua. Hicho hata hakikuhitaji kufikiriwa. Fundi alikula kwa kuiba saa, sahani nzima kwa mara moja, pilipili juu, kisha akainamia cherehani. Kula kidogo kidogo, Daktari alimwambia, usilale kabla chakula hakijashuka, pilipili iache, na vidonge hivi viwili vitafune. Fundi alitafuna, akapiga mbweu, akasema ewaa, na kibaraza kizima kikamcheka.

Kila maumivu yalikuwa na sababu yake, na kila sababu ilikuwa na akili ndani yake. Hakuna aliyeyatandaza yote kwenye mkeka mmoja akayatazama kwa pamoja.

Alianguka adhuhuri ya Alhamisi, uso juu ya sare ya shule, cherehani bado linazunguka. Seremala alimleta hospitali kwa gari la kuazima, na Daktari alisikia kelele zake kutoka dobini, akatoka mbio na aproni yake imelowa. Hakukuwa na la kufanya. Alikuwa amekata roho njiani. Daktari wa kweli, kijana mwenye macho ya usingizi, alitoka na kalamu akauliza kama marehemu alikuwa akilalamika chochote siku za karibuni. Seremala alikuwa hajiwezi, ameketi sakafuni na mgongo ukutani. Basi akajibu yeye. Bega la kushoto, alisema, mpaka mkononi. Taya. Kuchoka, na kuhema akipanda ngazi. Moto wa kifua. Alikuwa anahesabu kwa vidole, na alipofika kidole cha nne akasikia anachokisema. Alikuwa amekwisha kukisikia mara ngapi, kwenye mvuke ule ule, kutoka kwa wauguzi walewale: kwamba moyo hauji kila mara na kishindo, na kwa wanawake hasa unaweza kuja umevaa nguo za tumbo, za bega, za uchovu tu. Mkono ukabaki hewani. Yule kijana aliandika, kisha akasema polepole kwamba dalili zote hizo zilikuwa za kitu kimoja.

Nyuma yake alikuwa amesimama dada mkubwa wa marehemu, aliyefika muda huohuo kutoka kwake, ng’ambo ya mji.

“Kumbe ulikuwa unayajua yote,” alisema.

Baada ya maziko Dada Mkubwa alihamia kwa shemeji yake ili amwangalie binti aliyebaki. Siku ya kwanza Daktari alipokwenda kukaa na wafiwa, alimkuta amesimama mlangoni. Hakumpayukia. Alimwambia kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeeleza bei ya nyanya, kwamba mlango ule hatauvuka, si leo wala si kesho, maadamu yeye yumo ndani.

Hayo yalikuwa wiki tatu zilizopita, na wiki tatu hizo Daktari alimwombolezea rafiki yake upande wake wa ukuta. Hakutaka kusamehewa, hilo hata hakulifikiria. Alitaka kitu kimoja tu, kuketi ndani ya chumba kile, hata pembeni, hata bila kusemeshwa, amlilie mtu wake kati ya vitu vyake na watu wake. Alisikia wanavyosogeza viti. Alisikia cherehani likifunikwa na kufunuliwa, maana binti alikuwa na tabia ya kulifunua. Vikombe vya kibarazani alivikusanya akavifungia kabatini, akaapa kwamba hatamwambia tena binadamu yeyote anaumwa nini.

Asubuhi ile ya ugomvi wa bombani alingoja mpaka foleni ikaisha ndipo akatoka, akafika kazini amechelewa. Saa sita mchana alikuwa anavuta mashuka kutoka kwenye mashine alipomwona Bibie mlangoni. Bibie ndiye binti wa pekee wa Fundi, miaka kumi na saba, na jina hilo alipewa na mama yake tangu uchanga kwa sababu alikuwa halali mpaka kanga aliyofunikwa inyooke. Alikuwa anahema.

“Mama mkubwa,” alisema, “baba anashika kifua.”

Mengine yalitoka vipande vipande. Siku ya nne leo. Mama mkubwa yule mwingine, dada wa mama, hajui, kaenda kwake kuchukua nguo, atarudi jioni. Baba amemkataza kusema. Leo randa imemponyoka mkononi akakaa chini kwenye maranda ya mbao, na jasho lilikuwa linamtoka.

Zamani Daktari angeuliza maswali kumi kabla hajasogea. Hakuuliza hata moja. Aliliacha shuka likining’inia nusu ndani nusu nje ya mashine, akavua aproni akatoka.

Karakana ya Seremala ilikuwa kibanda cha mabati nyuma ya nyumba, upande wa barabarani. Walimkuta ameketi juu ya mlango aliokuwa anautengeneza, kiganja kimebandikwa kifuani, uso wa majivu. Alikuwa hajamtazama jirani yake machoni tangu siku ya maziko, na hata sasa alitazama miguu yake.

“Ni kiungulia tu,” alisema kabla hajasalimiwa.

“Neno hilo usiniambie, shemeji. Inuka.”

Akasema ana kazi ya watu. Akasema kitapoa, ametafuna vidonge. Alifungua kiganja cha pili, mlikuwa na vile vidonge vya kutafuna, viwili, na wote watatu wakavijua vimetoka kwenye saraka ya cherehani. Kisha Daktari akavichukua, akavitia mfukoni mwake, akamwambia achague, atakwenda kwa miguu yake au ataitiwa vijana wanne wambebe kama kabati. Midomo ya Seremala ilicheza kidogo, ikakaribia kucheka ikashindwa. Akainuka.

Hospitalini Daktari hakukaa kwenye foleni. Alikwenda moja kwa moja dirishani akamwambia muuguzi: mwanaume, miaka hamsini na miwili, maumivu ya kifua, jasho, siku nne, apimwe moyo sasa hivi. Yalikuwa maneno machache, hayakuchukua hata pumzi moja. Yule muuguzi, aliyezoea kumwona na mashuka, alimtazama mara moja tu akafungua mlango. Wakamlaza Seremala, wakambandika nyaya kifuani, mashine ikatoa karatasi yenye vilima vidogo vidogo. Wakamtoa damu. Wakangoja, wakapima tena. Daktari alisimama ukutani roho mkononi, ameshika mkono wa Bibie, au Bibie ndiye aliyemshika.

Alikuwa ameapa asifikirie, lakini macho hayaapi. Aliona mkanda wa Seremala umetobolewa tundu jipya. Aliona midomo iliyopasuka. Muuguzi alipouliza dawa anazotumia, Seremala alitoa kwenye mfuko wa shati karatasi tatu za vidonge vya kutuliza maumivu, zote tupu. Kichwa kilikuwa kinamgonga tangu msiba, alisema, basi alikuwa anameza viwili asubuhi, viwili mchana, na vingine kikirudi. Anavimeza na nini? Na chai kavu. Na chakula? Bibie akatazama sakafu, akasema baba hajala sahani ikaisha tangu mama. Daktari alijua jibu kabla halijafika. Aliung’ata ulimi wake.

Aliyelileta alikuwa yule yule kijana mwenye macho ya usingizi. Alimbonyeza Seremala juu ya kitovu, Seremala akaruka. Akaeleza bila haraka kwamba moyo ni mzima, vipimo vyote viwili vimesema hivyo. Ni tumbo. Vidonge vile, kila siku, juu ya tumbo tupu na chai ya rangi, vimelichubua kwa ndani, na tindikali inachoma palipochubuka. Aviache leo hii. Kichwa kikigonga anywe maji, alale, na kisipoacha arudi waangalie. Atapewa dawa ya tumbo ya wiki kadhaa. Akitapika damu, au choo kikiwa cheusi kama lami, aje mbio hata kama ni alfajiri. Na ale, kidogo kidogo, kwa saa zake, na ikiwezekana asile peke yake, kwa sababu mtu anayekula peke yake hutafuta sababu ya kuacha.

Seremala alikuwa anaitazama ile karatasi ya vilima.

“Pima tena,” alisema.

Kijana akamwambia wamekwisha kupima mara mbili.

“Pima tena. Angalia vizuri.”

Hapo Daktari akaelewa alichokuwa anaomba. Bibie naye akaelewa, kwa sababu aliuachia ule mkono akatoka nje kwenye ukumbi, na mlango ukajifunga taratibu nyuma yake.

“Mtoto wako yuko hapo nje, shemeji,” Daktari alisema. “Ana miaka kumi na saba.”

Seremala aligeukia ukuta. Mabega yalitikisika muda mrefu, na daktari kijana akakumbuka ana mgonjwa mwingine. Walipomwachia avae shati, Bibie alikwenda dirishani kuchukua dawa, na wao wawili wakakaa kwenye benchi la ukumbini. Ndipo Seremala akasema, macho kwenye mikono yake. Yalikuwa yamemkaa rohoni na sasa yalitoka bila mpangilio.

Wiki mbili kabla ya siku ile, alfajiri, Fundi aliamka gauni limeloa chapachapa, akasema kama kuna mtu amemkalia kifuani. Seremala alimpa maji. Nusu saa ikapita, likaisha. Akamwambia amwambie Daktari. Fundi akakataa. Alisema nikimwambia hilo atanikokota hospitali leo hii hii, anilaze huko, na sare za watoto wa watu atashona nani? Likaja tena, na tena, mara tatu kwa jumla. Akamwapisha mumewe asifungue mdomo mpaka shule zifunguliwe, naye akaapa, kwa sababu likiisha alikuwa anaamka anaimba, na mtu anayeimba utamwitaje mgonjwa. Siku ile hospitali ilipouliza, alikuwa sakafuni. Na siku dada wa mkewe alipomfungia jirani mlango, alikuwa ameketi kwenye kiti, hatua mbili nyuma, anasikia kila neno.

“Maadamu ilikuwa wewe,” alisema, “haikuwa mimi.”

Daktari alingoja moyo wake uwe mwepesi, haukuwa. Kumbe kibarazani pale, na kelele zote zile, Fundi alikuwa anamchagulia la kumwambia na la kumficha, kama anavyomchagulia mteja kitambaa. Alimletea bega, akamletea taya. Lile moja ambalo lingewaamsha wote aliliacha kitandani. Halafu hasira ikamjia, moto wa kweli, na ilikuwa haina hata pa kuanzia.

“Wiki tatu nalia na ukuta,” alisema. “Wiki tatu unanisikia.”

Seremala akasema alikuwa anamsikia.

Toroli la mashuka lilipita mbele yao. Mwenzake wa dobini alitaka kumsemesha, akaona uso, akasukuma toroli lake. Daktari alilifuata kwa macho mpaka magurudumu yakapotelea kwenye kona. Kisha akasema, sasa si kwa Seremala hasa, kwamba hata hivyo yeye hakuuliza. Mtu baki angekuja na bega na moto wa kifua angemhoji analalaje, anaamkaje, kwao kuna presha, kuna aliyekufa ghafla. Kinyozi alimhoji hata rangi ya mkojo.

“Yeye sikumuuliza,” alisema. “Nilidhani namjua.”

Walirudi saa kumi na moja, watatu, polepole kwa sababu ya Seremala. Kwenye kona Kinyozi alikuwa na mteja, na wembe ukasimama hewani juu ya upara wa mtu asiye na hatia mpaka walipopita. Uani habari zilikuwa zimewatangulia, na kwa kadiri zilivyotangulia zilikuwa zimenona: Seremala amezimia, Seremala amekufa akafufuliwa, Daktari wa Mashuka amemchoma sindano mwenyewe. Mama Mapacha alikuwa bombani, na safari hii hakuwa hata na ndoo. Dada Mkubwa alikuwa amerudi. Alisimama mlango wa tatu, mwiko mkononi, anawatazama.

Daktari alimkabidhi Bibie bahasha ya dawa aliyokuwa amemshikia, akageukia mlango wake. Alikuwa ameshatoa ufunguo alipomsikia Seremala anaanza kusema.

Angeweza kuyasemea ndani. Aliyasemea pale uani, katikati, watu wote wanasikia, na aliyasema vibaya, akachanganya siku, akarudi nyuma akaanza upya. Jasho la alfajiri. Mtu aliyekaa kifuani. Mara tatu. Kiapo, na kiti alichokalia siku ile mlango unafungwa. Alisema kwamba jirani hakuwahi kuambiwa hayo, na kwamba angeambiwa mkewe angekuwa hospitali siku hiyohiyo, na sare angeshona nani, Mungu ndiye ajuaye.

“Mara tatu?” Dada Mkubwa aliuliza.

“Mara tatu.”

Watu wakangoja apige ukunga, na wengine, tuseme ukweli, walikuwa wamejiandaa kushika mikono ya watu. Hakupiga. Mwiko ulikuwa unadondosha mchuzi juu ya mguu wake, naye haoni. Alipozungumza alikuwa anazungumza na mlango wa jirani, aliposimama Daktari na ule ufunguo. Alisema mdogo wake alipokuwa na miaka tisa alivunjika kidole cha mkono akakificha siku nne, mpaka kikavimba kama mhogo, kwa sababu zamu ya kuchota maji ilikuwa yake na hakutaka dada yake amchotee. Alimchapa kwa kosa hilo, alisema. Alimchapa yeye mwenyewe, akiwa na miaka kumi na mitatu, halafu akalia usiku kucha.

Kisha akamtazama Daktari mikononi.

“Bado nakuona unavyohesabu vile vidole,” alisema mwishowe.

“Hata mimi,” Daktari akajibu.

Dada Mkubwa aliutazama mwiko kama mtu anayeshangaa umefikaje mkononi mwake. Aliuliza, kwa sauti ya chini iliyokuwa imekwaruza, huyu shemeji yake wamesema anaruhusiwa kula nini. Hakumuuliza Seremala wala Bibie aliyeshika bahasha. Daktari alisita. Halafu akasema ale chakula laini, kidogo kidogo, kila baada ya saa chache, kisiwe na pilipili wala ndimu wala mafuta mengi, chai ya rangi aisahau kwa sasa, akishakula asilale upesi, na vidonge vya kichwa vitupwe vyote, hata vile alivyovificha kwenye boksi la misumari. Seremala akainamisha kichwa. Vilikuwepo.

Dada Mkubwa aliitikia kila neno kwa kutikisa kichwa. Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuwa anayafuta. Alisogea pembeni, mgongo wake ukagusa fremu, mlango ukabaki wazi na ndani kulionekana cherehani limefunuliwa, mkeka, na sufuria inayofuka.

“Huyu mtoto tangu mama yake afe anapika cha watu wanne, nami kila siku namkaripia,” alisema. “Leo nimepika mimi, nimepima vilevile. Ingia ule.”